Kisu cha droo kinashika kutu, cha mfukoni hakishiki. Kwa nini?

#1 Mzee wa Kinoo
Wakuu, salaam. Swali kwa wanaokusanya na kubeba visu vya kukunja vya kazi, vile vya asili: Opinel, Okapi, Douk-Douk, Higonokami, Case, Sheffield za zamani.

Chukua Opinel No. 8 mbili za chuma cha kaboni (kile kinachoshika kutu, siyo stainless), zimenunuliwa siku moja, duka moja. Moja iende mfukoni kila siku: imenye machungwa, ikate kamba, ifungue maboksi, ilowe jasho. Nyingine ipakwe mafuta, ilazwe kwenye droo na kipakiti cha silika jeli (ya kufyonza unyevu) pembeni. Baada ya mwaka, ya mfukoni imekuwa ya kijivu lakini haina kutu. Ya droo ina vidoa vyekundu karibu na pini (pale bapa linapozungukia), na ukivikwangua unakuta vishimo. Ilitakiwa iwe kinyume chake! Jasho lina chumvi, chungwa lina asidi, droo haina hata kimoja.

Naomba maelezo ya kiufundi. "Kisu kinapenda kazi" nimeshaisikia, hilo ni shairi.

#2 Makali15
Jibu ni huo ukijivu wenyewe. Asidi ya chungwa, kitunguu au embe bichi inaung'ata uso wa chuma na kuacha tabaka jembamba jeusi lililoshikamana. Kutu nyekundu ni kama sponji, inakaa na maji na kuendelea kula chini yake. Ile nyeusi imekaza. Ya droo bado nyeupe, yaani iko uchi.

Anayetaka kuuweka weusi makusudi: osha bapa kwa sabuni na maji ya moto, futa kwa spiriti usiliguse tena na vidole, tumbukiza kwenye siki iliyopashwa moto dakika 20 hadi 30. Toa, suuza, futa, rudia mara 3. Mwisho suuza kwa maji ya magadi ili asidi isibaki, kausha, paka mafuta. Opinel usiitumbukize hadi kwenye mti, ishia sentimita moja kabla ya bangili, ile pete ya chuma ya shingoni.

#3 Mama Kachumbari
Siki inaleta weusi wa mabaka. Utomvu wa ndizi mbichi unaishinda. Menya ndizi tano sita, acha utomvu ukae kwenye bapa saa nzima, osha. Linatoka na rangi ya bluu kwenda nyeusi, na halitoki hata kwa stilwaya kirahisi. Ni tanini hiyo, ndiyo maana hata chai ya rangi nzito inafanya kazi. Tahadhari moja tu: siku mbili tatu za mwanzo usimenyee tunda la mgeni, litakuwa na ladha ya msumari.

#4 Kutu Haina Adabu
Mkuu #2, nakupinga kidogo. Weusi si rangi ya mafuta, una vitundu. Unapunguza kasi ya kutu tu. Weka bapa jeusi kavu kwenye ala ya ngozi wiki tatu za masika uje utuambie.

Tena soma vizuri mleta uzi kasema nini: kutu iko *karibu na pini*. Pale juisi ya chungwa haifiki sana hata kwa kisu cha mfukoni. Kama sababu ni weusi, basi visu vyote viwili vingeoza hapo. Hoja yako inaeleza tumbo la kisu, haielezi shingo.

Mzee wa Kinoo, ulikiweka kwenye ala ya ngozi? Ngozi inafyonza unyevu, na imebaki na chumvi na dawa za kiwandani. Ala ni ya kubebea, siyo ya kuhifadhia.

#5 Mzee wa Kinoo
Hakuna ngozi. Kimekaa ndani ya boksi lake la kadibodi, kwenye droo ya chipubodi. Niko Tanga.

#6 pwani_kwetu
Tanga! Ungesema tangu mwanzo, tungefunga uzi kwenye #2 😂

Kutu inaanza kushika kasi unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 60, na huku kwetu kushuka chini ya 70 ni bahati. Kile kipakiti cha silika ulichotoa kwenye boksi la viatu kilishashiba kabla viatu havijashuka melini. Tena droo inapumua. Huwezi kuikausha Bahari ya Hindi kwa gramu tano.

Ukitaka silika ifanye kazi: kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, na silika ya rangi. Ya bluu ikishiba inageuka waridi, ya chungwa inageuka kijani. Ikishageuka, itandaze kwenye trei, ovena nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, irudishe. Mchele hausaidii kitu, kula.

#7 Makali15
Unyevu sawa, lakini mfuko wa suruali Tanga nao ni kavu? Visu viwili viko mji mmoja. Hujajibu swali, umetaja hali ya hewa.

#8 Mkemia wa Mtaa
Ametaja vitu viwili mmevipita: kadibodi na chipubodi. Gundi ya chipubodi inatoa fomaldehaidi, ikikutana na hewa inakuwa asidi ya fomiki. Kadibodi ya kawaida nayo ina asidi yake. Mbao ya mwaloni inatoa asidi ya siki, watu wa makumbusho wanaijua vizuri na hawaweki vyuma humo. Kwa hiyo droo SI mahali pasipo asidi, mleta uzi umekosea pale #1. Ni chumba kidogo kilichofungwa kinachojaa mvuke wa asidi polepole. Mfukoni mvuke unapeperuka.

Swali: humo kwenye droo kuna visu gani vingine?

#9 Mzee wa Kinoo
Okapi moja, Case mbili, na ka-Sheffield kazee kenye mpini kama gamba la kasa. Haka ka mwisho kamepasuka mpini karibu na pini na kananukia kama vidonge vya kufukuzia nondo.

#10 Mkemia wa Mtaa
KATOE LEO. Hilo si gamba la kasa, ni selulodi, plastiki ya zamani. Harufu ni kafuri iliyotumika kuilainisha. Selulodi ikizeeka inatoa gesi za naitrojeni, zikikutana na unyevu zinakuwa asidi ya naitriki. Inaanza kula bapa lake yenyewe, kisha majirani. Dalili ni mpini kusinyaa, kupasuka kwenye pini, kutu inayorudi kila ukiifuta, na ukijani kwenye shaba ya ndani. Haina dawa. Kaweke peke yake mahali penye hewa, mbali na jua na jiko maana inashika moto haraka kuliko karatasi.

#11 pwani_kwetu
Kumbe mchawi alikuwa ndani ya nyumba.

#12 Fundi Springi
Mnakimbilia kemia wakati jambo ni la mitambo. Nakubaliana na #4 kwamba shingo ndiyo ushahidi. Sasa tazameni shingo inavyofanya kazi.

Kati ya bapa na mpini kuna uwazi mwembamba sana. Uwazi wa namna hiyo unavuta maji wenyewe na hauyaachii. Kisu cha mfukoni kinafunguliwa na kufungwa labda mara 20 kwa siku. Kila mzunguko unasukuma mafuta, unatoa vumbi, unaingiza hewa. Kisu kilicholala, mafuta yanateremka upande mmoja, upande wa juu unabaki mkavu. Mzee, kigeuze hicho kisu. Nakuhakikishia vidoa vingi viko upande uliokuwa unaangalia juu.

Vile vya springi ya mgongo (Case, Sheffield, Laguiole) ni vibaya zaidi, kwa sababu shina la bapa linasugua springi na pale hapaonekani. Namna ya kuvisafisha:

Fungua bapa zote nusu. Toa nyuzi na uchafu wa ndani kwa kijiti cha meno, siyo pini ya chuma. Suuza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo huku ukifungua na kufunga, mpaka maji yasitoke meusi. Mpini wa mfupa usiuloweke, fanya haraka, la sivyo utapasuka ukikauka. Puliza kwa drai ya nywele dakika tano. Halafu TONE MOJA la mafuta kila upande wa pini na moja kwenye mgongo wa springi, fungua na funga mara 30, futa yanayotoka. Yanatoka meusi? Rudia. Watu wanamwaga mafuta kama wanakaanga, kisha vumbi linageuka simenti.

Halafu hatujaambiwa, mafuta gani yalipakwa?

#13 Mzee wa Kinoo
Nimekigeuza. Vidoa vinne juu, kimoja chini. Fundi heshima yako.

Mafuta ya nazi.

#14 pwani_kwetu
Kisu au samaki wa kupaka?

#15 Bwana Nta
Msimcheke. Ya nazi ni afadhali kuliko alizeti, maana alizeti inagandamana ikawa kama gundi na kisu hakifunguki. Shida ya nazi ya kukamua nyumbani ni maji na asidi zilizobaki ndani, na ikichacha asidi inaongezeka. Unapaka kinga yenye mbegu ya ugonjwa.

Ndani ya kiungo tumia mafuta ya cherehani. Nje, kwa kisu cha kulala, vaselini tupu au nta. Yangu ni nta ya nyuki sehemu 1 kwa sehemu 3 za mafuta meupe yale ya kumpaka mtoto (yawe ya madini, siyo ya mimea), kwa uzito. Yeyusha kwenye bakuli juu ya maji yanayochemka, siyo motoni moja kwa moja. Paka kwa kitambaa, acha dakika 10, futa mpaka isionekane. Inafaa hata kwenye mpini wa mti.

#16 karafuu_moja
Wajapani wanapaka panga zao mafuta ya karafuu miaka na miaka na hazishiki kutu. Sisi Pemba tunayo tele, tunahangaika na vaselini ya dukani. Nimemaliza.

#17 Nyuzi20
Hujamaliza. Yale ya panga za Kijapani ni mafuta ya madini karibu yote, karafuu ni kidogo tu inayoleta harufu. Karafuu tupu ni kali, inalainisha baadhi ya plastiki. Ukipaka kwenye mpini wa plastiki unaweza kujuta. Tone moja ndani ya kikombe cha mafuta ya cherehani, sawa, kitanukia pilau.

Mimi nina maelezo mengine kabisa. Bapa jipya la kiwandani lina mikwaruzo ya jiwe la mashine, mingi na yenye kina. Kila mkwaruzo ni mfereji wa unyevu. Kisu cha mfukoni kinanolewa na kusuguliwa kila wiki: kinoo cha 1000, kisha 3000 (namba ikikua jiwe ni laini zaidi), nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kisha mkanda wa ngozi mara 20 kila upande. Bapa lenyewe nalo linapakwa dawa ya kung'arishia bila kukusudia. Uso laini haukamati maji. Kisu cha droo kina uso uleule wa kiwandani. Piga msasa wa 1000, 1500, 2000 kwa mafuta, upande mmoja kwa urefu, usizunguke, ukilaze mwaka mwingine uone.

#18 Kutu Haina Adabu
Na shingoni nako unapiga msasa? Tunarudi palepale.

#19 Nyuzi20
Shingoni ndiko mashine ilikopita vibaya zaidi. Tazama kwa lenzi.

#20 Mswahili wa Birmingham
Natoka nje ya mada kidogo. Mimi Opinel No. 8 inakaa droo kwa sababu ya sheria, siyo kupenda. Uingereza, kisu cha kukunja cha kubeba bila kutoa sababu ni chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62) na kisichojifunga kikiwa wazi. Ni sheria ya 1988, kifungu cha 139. No. 8 ina bapa la sentimita 8.5 na bangili ya kufunga, imefeli mara mbili. No. 6 ni sentimita 7 lakini ina bangili, imefeli mara moja. No. 5 kushuka chini hazina bangili, zinapita.

Sasa hapa pakavu kwa sababu ya heater, droo yangu haina kutu hata moja, lakini mpini unalegea na bapa linacheza.

#21 Makali15
Ila bangili ya Opinel ndiyo Opinel yenyewe, ilikuwepo tangu mwanzo 1890.

#22 Fundi Springi
Hapana mkuu. Joseph Opinel alianza 1890 kule Savoie, Ufaransa, namba 1 hadi 12 zikaja 1897, bangili ikaja 1955. Na mpaka 2000 ilikuwa inafunga kisu kikiwa wazi tu. Ya kufunga hata kikiwa kimekunjwa ni kuanzia hapo. Ukikuta isiyo na bangili ya saizi kubwa, usiseme ni feki.

Wa Birmingham: mti umekauka, umesinyaa. Wa Tanga watakuwa na shida ya upande wa pili, mti unavimba, bapa halitoki. Wasavoie wana dawa yao: unagonga kitako cha mpini kwenye meza, upande wa ncha, bapa linachomoza lenyewe ulishike. Kama halichomozi, ukaushe mpini siku mbili ndani ya kontena la silika, kisha pitisha msasa wa 240 uliokunjwa ndani ya mfereji, mipito mitatu minne tu kila upande. Ukizidisha, kiangazi bapa litacheza kama jino la mtoto. Halafu yeyusha vaselini kidogo iingie kwenye shingo, mti ushibe hiyo badala ya maji.

#23 Bwana Nta
Hapo umetoa jibu la mleta uzi bila kujua. MTI. Mpini wa Opinel ni mti wa beech au mpera sijui nini wa huko Ulaya, unafyonza unyevu, na unaugandamiza kwenye chuma pale shingoni tu. Douk-Douk mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, na chuma cha bapa ni cha kaboni vilevile. Nani ana Douk-Douk ya droo yenye kutu shingoni?

#24 Kutu Haina Adabu
Mti ni beech, *hêtre* kwa Kifaransa, siyo mpera 😂 Na nina Douk-Douk mbili za droo. Kutu ipo, lakini ndani ya mpini, siyo shingoni. Sasa hiyo inamsaidia nani?

#25 Bwana Nta
Inanisaidia mimi.

#26 mkonge_grade1
Mbona Okapi aliyoitaja hajasema ina kutu au haina? Ile Okapi ya Mchina ina chuma gani?

#27 Nyuzi20
Okapi si ya Mchina, ingawa feki za Kichina zipo. Ilianza 1902 Ujerumani, ikitengenezwa kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, ambayo ni pamoja na huku kwetu. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Ni ya kaboni, ina pete ya kuvuta mgongoni na meno yanayolia ka-ka-ka ukifungua. Wajamaika nao wanaiabudu.

#28 karafuu_moja
Na jina? Okapi ni mnyama wa Kongo, Mjerumani alimjulia wapi?

#29 Mkemia wa Mtaa
Wanasayansi wa Ulaya walimtambua rasmi 1901, kisu 1902. Nadhani lilikuwa jina la mjini wakati huo. Mwenye sababu nyingine alete.

#30 Mzee wa Kinoo
Okapi yangu haina kutu kabisa. Droo ileile, boksi halina, mafuta yaleyale ya nazi, na ndiyo iliyokuwa jirani na yule mchawi wa selulodi.

#31 Mkemia wa Mtaa
...

#32 pwani_kwetu
Mkemia kaenda kunywa maji.

#33 Makali15
Okapi yako ni nyeusi au nyeupe?

#34 Mzee wa Kinoo
Nyeusi tititi. Ilitumika shambani kabla haijaingia droo.

#35 Makali15
Sina la kuongeza 😎

#36 Fundi Springi
Mimi ninalo. Kiungo cha Okapi kimelegea kwa kawaida, uwazi ni mpana, hauvuti maji. Usishangilie mapema.

#37 Mama Kachumbari
Swali dogo la wakusanyaji. Vya springi mnavihifadhi vimefungwa au wazi? Nimeambiwa nusu wazi ili springi ipumzike.

#38 Fundi Springi
Mama, huyo aliyekuambia anataka ukatwe na ununue springi mpya. Nusu wazi, springi ya visu vingi imepinda zaidi kuliko kikiwa kimefungwa. Hifadhi kimefungwa. Springi haichoki kwa kulala, inavunjika kwa kutu iliyoitafuna sehemu moja.

#39 mkonge_grade1
Case moja ina nukta chini ya jina, nyingine haina. Ipi ya zamani?

#40 Nyuzi20
Kama ni CASE XX U.S.A. yenye nukta 10, ni 1970. Wakapunguza nukta moja kila mwaka mpaka 1979. Ya 1980 nukta 10 tena lakini herufi S zimekatwa kama radi. CASE XX U.S.A. bila nukta ni 1965 hadi 1969. Bila U.S.A. ni ya kabla ya hapo. Usiing'arishe kwa msasa kabla ya kusoma, nukta zinafutika na bei inaondoka nazo.

#41 Kutu Haina Adabu
Turudi. Nimefanya jaribio la wiki sita, misumari minne myeupe iliyofutwa kwa spiriti, Tanga hiyohiyo. Wa kwanza mkavu kwenye kadibodi ndani ya droo ya chipubodi. Wa pili vilevile lakini umetiwa weusi kwa chai. Wa tatu mafuta ya cherehani, haujaguswa. Wa nne mafuta ya cherehani, unafutwa na kupakwa kila siku.

Wa kwanza umeoza. Wa pili una vidoa vichache. Wa tatu safi juu, kutu ilipogusana na kadibodi. Wa nne safi.

#42 Makali15
Wa pili dhidi ya wa kwanza: weusi umeshinda.

#43 Mkemia wa Mtaa
Wa tatu: kutu iko kwenye *kadibodi*. Asanteni.

#44 Fundi Springi
Wa nne: kushikwa kila siku. Sijui mnabishana nini.

#45 pwani_kwetu
Mkuu, misumari ya mabati au ya kawaida?

#46 Kutu Haina Adabu
Ya kawaida. Ila wa nne ulitoka pakiti nyingine.